Mnada wa Wanyama wa Pelagia

Kosa lilikuwa la neno moja, tena neno lenyewe la herufi mbili: "wa". Pelagia aliliandika kwa rangi nyekundu juu ya kadibodi saba, akaliona zuri kabisa. MNADA WA WANYAMA. KWA PELAGIA, NYANSHA. JUMAMOSI TAREHE 16 AGOSTI 2014, SAA NNE ASUBUHI. WOTE MNAKARIBISHWA. Kadibodi tano alizibandika mjini Kasulu, sokoni na stendi, na mbili akampa kondakta wa basi azipeleke Kibondo. Kisha akarudi nyumbani, moyo mweupe, kuwapikia mbwa uji.

Ndiyo, uji, tena wa mbwa. Usicheke kwanza, maana Kasulu nzima ilikwisha kucheka kabla yako.

Pelagia alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, mkulima wa maharage, Mtanzania kwa cheti na kwa kila kitu kingine. Aliingia nchi hii mwaka 1972 akiwa mgongoni mwa mama yake. Mama huyo alikimbia Burundi na mtoto, sufuria na mbwa. Mtoto na sufuria vilivuka mto Malagarasi. Mbwa maji yalimshinda, akabaki ng'ambo akibweka, na yule mama aliishi miaka thelathini na mitano zaidi bila kuacha kumtaja. Wenzake Pelagia walirithishwa shamba au kibanda. Yeye alirithishwa mbwa ambaye hakumkumbuka hata sura.

Kwa hiyo kambi ya wakimbizi ya Mtabila ilipofungwa mwishoni mwa mwaka 2012 na watu wakapanda magari kurudi kwao, Pelagia, aliyekwenda kule kutafuta mabati ya bei nafuu, alikuta kitu kingine. Mbwa walikuwa wamekaa mbele ya nyumba zilizobomolewa, kila mmoja mbele ya mlango ambao haupo tena, wakingoja wenyewe warudi. Pelagia alisimama pale akalia kidogo. Alirudi Nyansha bila mabati, na mbwa sita wamefungwa kamba moja. Wiki iliyofuata akarudi tena Mtabila, na iliyofuata pia.

Jambo likijulikana mjini huwa halirudi nyuma. Watu wakaanza kumletea mbwa waliogongwa na pikipiki, paka waliomwagiwa maji ya moto, punda wawili waliotupwa na mchuuzi wa chumvi, mbuzi mwenye jicho moja. Mwezi wa tatu mwaka 2013 akaokota ng'ombe. Alikuwa mtamba mwekundu aliyedondoka kutoka kwenye lori katika kona za barabara ya Kibondo, na dereva akamwacha mtaroni akisema atakayemtaka amchukue. Wiki tatu yule mtamba hakusimama. Pelagia alimlisha kwa mkono, akamgeuza ubavu kwa ubavu kwa msaada wa majirani, hadi asubuhi moja akamkuta ameinuka mwenyewe anakula majani ya migomba. Alimpa jina la Bihogo, kwa ajili ya rangi yake, na sasa Bihogo alikuwa na mimba.

Mji ulimwita Mama Mbwa. Alizoea.

Asichozoea ni sura ya Kipriani, bwana mifugo, siku alipokuja mwezi wa saba. Kipriani alikuwa mtu mwema aliyezaliwa na uso wa kununa, na siku hiyo hata wema wenyewe ulikuwa umejificha.

"Mwakeye, Mama Pelagia."

"Mwakeye, bwana mifugo. Karibu kiti."

"Sikai. Kichaa cha mbwa kimeingia vijijini, watu wameumwa. Kuanzia tarehe mosi Septemba bunduki itapita mtaa kwa mtaa. Mbwa aliyechanjwa, na yuko ndani ya uzio, ataishi. Mwingine yeyote, hapana."

"Mimi ninao thelathini na mmoja."

"Najua. Niliwahesabu kwa masikio wakati nakuja."

"Niongezee muda."

"Muda si wangu, mama. Ungekuwa wangu ningekupa." Akavaa kofia yake, akaondoka bila kumtazama usoni, na hapo ndipo Pelagia alipoogopa kweli.

Uzio wa seng'enge na nguzo, pamoja na chanjo, vilitaka zaidi ya shilingi milioni moja. Pelagia alikuwa na laki moja na kumi, jasho la maharage ya msimu mzima. Alikwenda kwa wenye maduka, wakamuuliza kama amekosa yatima wa kulea. Alikwenda kwa bwana mmoja wa shirika fulani, akaambiwa aandike andiko la mradi. Aliandika kurasa nne kwa mkono, akarudishiwa akiambiwa andiko lake halina viashiria. Alimuuliza mwalimu wa shule viashiria ni nini, na mwalimu naye akasema atamjibu kesho.

Ndipo akakumbuka mnada. Parokiani kwake walipotaka kinanda walifanya mnada wa kwaya, na walipotaka mabati wakafanya mnada wa kanisa. Watu huleta walichonacho, mkungu wa ndizi, jogoo, chupa ya asali. Mmoja hununua, akarudisha, kikauzwa tena na tena, hadi jogoo mmoja analeta fedha ya ng'ombe. Sasa kama wa kwaya uliitwa mnada wa kwaya, huu wa wanyama ungeitwaje? Niambie wewe.

Jumamosi saa tatu na nusu uwanja wa Pelagia ulikuwa umefagiwa. Juu ya mkeka kulikuwa na mikungu miwili ya ndizi, debe la maharage, chupa tano za asali, na jogoo mweusi mwenye dharau. Mwajabu, muuza vitenge wa sokoni na rafiki yake wa miaka mingi, alikuwa ameleta doti moja ya kitenge chekundu. Mwajabu hakugusa mbwa, kwa sababu za dini yake, lakini aliwasemesha kutoka mbali kama majirani. Tharsisi, mwalimu wa kwaya, ndiye angekuwa dalali, na alikuwa amekunywa chai ya tangawizi kulainisha koo. Akina mama wa jumuiya walikuwa kumi na wanane. Pelagia aliwahesabu, akapiga hesabu ya mifuko yao, akaona haifiki hata bei ya nguzo.

Saa nne kamili ardhi ikatetemeka. Mafuso matatu matupu yalipanda mlima yakitoa moshi, na nyuma yake pikipiki, na nyuma ya pikipiki wanaume kwa miguu kutoka Buhigwe, kutoka Rungwe Mpya, kutoka huko kote ambako ng'ombe huuzwa. Walikuwa wanapata arobaini. Walikuwa na kamba mabegani, fimbo mkononi, na viuno vimevimba kwa fedha. Mbwa thelathini na mmoja wakapokea wageni kwa kadiri ya uwezo wao.

Aliyeshuka wa kwanza alikuwa Gharibu wa Kibondo, mfanyabiashara wa ng'ombe, mzee wa miaka sitini mwenye kofia ya viua na sauti iliyozoea kutiiwa. Babu yake alikuja na misafara kutoka Bagamoyo. Gharibu mwenyewe alizaliwa Kibondo na hakuwahi kuiona bahari, ila aliisema kana kwamba aliiacha jana.

"Shikamoo, mzee," alisema Pelagia.

"Marahaba. Mali iko wapi, tuanze kabla jua halijawa kali?"

"Mali gani, mzee?"

"Ng'ombe, mama. Mbuzi. Tumesoma tangazo. Mnada wa wanyama."

Pelagia alilitazama tangazo lililobandikwa kwenye nguzo ya mlango wake, akalisoma kwa macho ya mtu aliyetoka Kibondo na lori tupu.

"Mzee, wanyama hawauzwi," alisema taratibu. "Mnada ni wa kwao. Tunauza hivi vitu hapa, fedha inakuwa yao."

Gharibu aliugeukia mkeka. Aliziangalia ndizi. Alimwangalia jogoo, na jogoo akamwangalia.

"Yaani wanyama ndio wenye mnada?"

"Ndiyo, mzee."

"Na mimi nimechoma mafuta kutoka Kibondo nije kununua ndizi za punda?"

Maneno yale yalipita nyuma kutoka mdomo hadi mdomo, na kila yalipofika yaliacha mtu amekasirika. Abbasi wa Buhigwe, kijana mnene aliyekuwa mpinzani wa Gharibu katika kila mnada tangu alipoanza kazi, alipiga fimbo chini.

"Huu utapeli. Mama huyu ametuita, atulipe mafuta yetu na siku yetu. Kama hana, si tunawaona mbuzi pale? Tunawaona punda pale?"

"Abbasi," Mwajabu alimwita kutoka kwenye kivuli cha ukuta, mikono kiunoni. "Pasaka kulikuwa na mnada wa kwaya hapa Kasulu. Mbona hukuja na kamba kuwafunga waimbaji?"

Akina mama walicheka hadi wakashikana. Hata madereva wa mafuso walicheka. Lakini wenye mafuta hawakucheka, na watu arobaini waliokasirika juani si jambo la kuchekwa kwa muda mrefu. Wawili walikwisha kusogea kwenye banda la mbuzi, wakiwapima kwa macho.

Gharibu hakuwa miongoni mwao. Alikuwa amesimama kwenye boma dogo nyuma ya nyumba, mkono juu ya mgongo wa Bihogo, akilishika sikio lake la kushoto. Sikio lile lilikuwa limechanwa katikati, alama ya mwenyewe, na Pelagia alipofika mbio alimwona mzee akiipapasa alama ile kwa kidole gumba.

"Huyu ni wangu," alisema Gharibu. Alisema kwa sauti ya chini, na hilo lilitisha kuliko kelele za Abbasi. "Mwaka jana, mwezi wa tatu. Dereva aliniambia kafa njiani, wanakijiji wakamla."

"Dereva alimwacha mtaroni, mzee. Alisema anayemtaka amchukue."

"Dereva hana ng'ombe wa kugawa. Lori langu, ng'ombe wangu, alama yangu hii hapa. Mama, mimi si mwizi wala mtu wa ugomvi. Nitampakia ng'ombe wangu na mafuta yangu yatakuwa yamerudi. Ngoja niwaambie wale."

Akageuka kuuelekea uwanja, akavuta pumzi ya kusemea na watu wengi.

Pelagia alikuwa na muda wa pumzi ile moja. Aliona yote yatakayofuata. Fuso moja likipakia, yote yatapakia. Bihogo kwanza, kisha mbuzi kwa mafuta ya Abbasi, kisha punda, na Jumatatu ya tarehe mosi bunduki ingekuta ua mtupu na mbwa thelathini na mmoja wamekaa mbele ya mlango wake wakimngoja awafanyie kitu. Na mzee huyu hakuwa na kosa. Hilo ndilo lililomuuma zaidi. Ng'ombe alikuwa wake kweli.

Kisha akakumbuka jambo ambalo mama yake alimfundisha na hakuwahi kulihitaji. Kwa Waha, wenyeji wa Kasulu, na kwa Warundi vilevile, ng'ombe akitolewa hatolewi kimyakimya. Wao husema kugabira. Aliyepewa humshukuru mtoaji mbele ya watu, kwa sauti, na tangu siku ile kuna kamba kati yao isiyoonekana: aliyepewa atarudisha ndama jike wa kwanza, na aliyetoa anakuwa mkubwa machoni pa wote. Ila mtoaji akigeuka, akampokonya mtu ng'ombe aliyekwisha kushukuriwa hadharani, jina lake linaoza, yeye na wajukuu wake.

Pelagia alimpita Gharibu mbio, akamtokea mbele uwanjani, akapiga magoti kwenye vumbi mbele ya miguu ya mzee. Akapiga makofi matatu ya taratibu, viganja vimeinama, kama afanyavyo mtu anayeshukuru.

"Wangabiye inka," alisema kwa sauti iliyofika kwenye fuso la mwisho. "Wangabiye inka, mzee Gharibu. Umenigabia ng'ombe. Watu wote wa Kasulu na Kibondo, huyu ndiye mtu aliyewapa wanyama hawa ng'ombe wao. Mwaka jana aliumia barabarani, akaachwa kwetu, nasi hatukumjua mwenye mkono uliomtoa. Leo tumemjua, amekuja kwa miguu yake. Ndama jike wa kwanza ni wake. Nitampeleka Kibondo mwenyewe, kwa kuimba."

Hata mbwa walinyamaza, na sijui nani aliwaambia. Kisha bibi mmoja wa Rungwe Mpya, aliyekuja kuuza karanga kwa wenye ng'ombe na hakujua chochote kuhusu tangazo, alitupa kichwa nyuma akapiga kigelegele kirefu. Akina mama kumi na wanane wakamfuata.

Gharibu alikuwa bado ana ile pumzi kifuani. Unaweza kuwa na babu wa Bagamoyo, lakini kama ulicheza utotoni kwa Kiha na kugombezwa kwa Kiha, neno lile linakuingia mifupani. Alimtazama mwanamke aliyepiga magoti. Pelagia aliinua macho, na kila mmoja akamwona mwenzake anajua.

"Mama," alisema mzee kwa kunong'ona, "umeniingiza mjini."

"Oya, hapana, mzee. Nimekuinua."

Gharibu aliutazama uwanja. Watu waliokuja naye, watu aliouziana nao na kugombana nao miaka arobaini, walikuwa wamevua kofia. Mzee mmoja wa Kiha alikuwa akimpigia makofi yaleyale matatu. Katika maisha yake Gharibu alikuwa ameuza ng'ombe maelfu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumfanya apigiwe makofi. Niseme ukweli, macho yalimlowa. Baadaye alidai ni vumbi.

Alirekebisha kofia yake.

"Ndiyo," alisema kwa sauti ya mnadani. "Nilimtoa." Na kama huo ni uongo, basi ni uongo uliogeuka kweli palepale ulipotamkwa. Akamwinua Pelagia kwa mkono, kisha akamgeukia mpinzani wake. "Mimi nimetoa ng'ombe. Mwenye mimba. Wewe Abbasi umetoka Buhigwe kote huko umeleta nini? Kamba?"

Watu wakaguna kwa utamu. Abbasi alisimama na fimbo yake, shingo imejaa jasho. Alitazama kulia, akatazama kushoto, akaona hakuna pa kupitia isipokuwa mbele.

"Jogoo huyo bei gani?" aliuliza kwa hasira.

Tharsisi alikuwa ameingoja nafasi hiyo tangu azaliwe. Alipanda juu ya debe akamwinua jogoo hewani.

"Jogoo wa Nyansha, hajawahi kushindwa na mtu! Naanza elfu kumi, nani elfu kumi?"

"Ishirini," alisema Abbasi.

"Thelathini," alisema Gharibu, bila kumtazama.

"Hamsini, na namrudisha mnadani. Auzwe tena."

Basi, hapo ndipo mambo yalipoharibika vizuri. Jogoo aliuzwa akarudishwa. Wa Kibondo wakachanga wakamnunua, wakamrudisha kwa madaha. Wa Buhigwe wakasema hawawezi kulala njaa ya heshima, wakamnunua kwa zaidi. Wa Kasulu, waliokuwa mashabiki tu ukutani, wakaona aibu mji wao kushindwa uwanjani kwao, wakatuma mtu sokoni kuita wenye maduka. Wenye maduka walifunga wakaja, walewale waliouliza habari za yatima. Ndizi zikauzwa mkungu mmoja mara sita. Asali ilinunuliwa na mtu mwenye kisukari. Bibi wa karanga alinunua kitenge, akamrudishia Mwajabu akisema anashonea nini mtu wa umri wake. Jogoo aliuzwa mara kumi na nne, na kila mara alitoa sauti ya kukasirika, kwa maana bei zote aliziona ndogo.

Pelagia hakuwa akishika fedha. Hakuweza. Alikaa juu ya kinu kilichopinduliwa, machozi yanamtiririka waziwazi mbele za watu, anacheka. Mwajabu alikuja akasimama kando yake.

"Mama Mbwa," alisema, "futa uso, watu watadhani umefiwa."

Mwishowe Tharsisi, sauti imekwisha, alitangaza kwa kunong'ona kwamba imefika milioni moja na laki sita. Watu wakaanza kuwasha mafuso yao kuondoka. Hapo Abbasi alirudi, akachomoa noti tatu za mwisho mfukoni, elfu tano kwa jumla, akaziweka juu ya mkeka mtupu.

"Hii ya nini tena?" aliuliza Kipriani, aliyekuwa amekuja mchana kuona kelele ni za nini, na akabaki.

"Chanjo ya mbwa mmoja ni kiasi gani?"

"Ni hicho hicho. Lakini wote thelathini na mmoja wameshalipiwa."

"Basi hii ni ya mbwa ambaye hajafika," alisema Abbasi, na watu wakacheka kwa mara ya mwisho siku ile. Gharibu hakutaka kushindwa hata hapo. Alisema yeye mbwa hana habari nao, mate yao yanamtaabisha, lakini mafuso yake hayawezi kurudi Kibondo matupu na kurudi tena matupu. Jumatano yalirudi yamejaa nguzo.

Wiki mbili zile Nyansha ilisikika nyundo tu. Uzio ulizunguka shamba lote, na lango lilipakwa rangi nyekundu iliyobaki kwenye yale matangazo. Kipriani alichanja mbwa mmoja baada ya mwingine, na Mwajabu akakata kile kitenge chake mikanda thelathini na mmoja ya shingoni, kila mbwa na wake. Dozi ya thelathini na mbili ilibaki. Kipriani aliirudisha kwenye sanduku lake la barafu, akasema mwenyewe atakapofika ataikuta. Na Bihogo alizaa mwezi wa kumi na moja, ndama jike, naye Pelagia alimpeleka Kibondo kwa kuimba kama alivyoahidi. Lakini kabla ya hapo ilikuja Jumatatu ya tarehe mosi.

Bunduki ilianza kusikika saa mbili asubuhi upande wa mjini. Ilikuwa mlio mmoja, kimya, mlio mwingine. Pelagia alikaa nyuma ya lango. Uzio ulikuwa mzima, chanjo zilikuwa kamili, hata hivyo kila mlio uliposikika aliwahesabu upya mbwa wake. Mbwa wake walilala chini, masikio yamebanwa kichwani, wala hakuna aliyebweka.

Kisha akamwona anakuja. Alikuwa mbwa wa kijivu, mbavu nje, kipande cha kamba kinaning'inia shingoni. Alipanda mlima kwa nguvu zake zote, na nyuma yake, mbali kidogo, walikuja mgambo wawili wenye bunduki, na Kipriani juu ya pikipiki yake. Mbwa yule alifika kwenye seng'enge akaigonga kwa kifua, akazunguka, akaigonga tena. Hakujua lango ni nini. Upande wa pili aliona wenzake, akaanza kulia.

Pelagia hakuinuka mbio. Aliogopa kumtisha. Alifungua lango upana wa mtu, akachuchumaa, akanyoosha mkono.

"Mama, usimguse," mgambo mmoja alisema akifika, amechoka. "Huyo hana mkanda. Toka pembeni."

Mbwa alimtazama mwenye bunduki. Alimtazama Pelagia. Akajikokota, tumbo chini, akaingia ndani ya lango. Pelagia alilifunga.

"Yuko ndani ya uzio," alisema.

"Uzio ni nusu ya amri. Chanjo je?"

Wote wakamgeukia Kipriani. Bwana mifugo aliegesha pikipiki yake bila haraka, na uso wake ulikuwa umenuna kuliko siku zote. Alifungua sanduku la barafu, akatoa kichupa kimoja, akakishika kwenye mwanga.

"Mbwa huyu alilipiwa tangu tarehe kumi na sita Agosti," alisema. "Mnunuzi wa Buhigwe. Risiti ninayo. Mwenyewe tu ndiye aliyechelewa kufika."

Mgambo alimwangalia, akamwangalia mama aliyechuchumaa kwenye vumbi, akaitua bunduki begani. Alikuwa amepiga risasi tangu asubuhi na alionekana mtu aliyefurahi kupata sababu ya kutopiga. "Basi mchome tuone," alisema.

Kipriani alimchoma. Mwajabu, aliyekuwa amejificha jikoni tangu mlio wa kwanza, alitoka akachana upindo wa kitenge alichovaa mwenyewe, akaurusha kutoka mbali. Pelagia aliudaka, akaikata ile kamba kuukuu, akaufunga upindo mwekundu mahali pake. Mapigo ya moyo wa mbwa yalikuwa yanamgonga kiganjani.

Alimkumbuka mama yake kwenye ukingo wa Malagarasi, mtoto mgongoni na sufuria kichwani, anageuka kutazama ng'ambo.

"Haya," alimwambia mbwa sikioni. "Umevuka."